Mkono wa Bi Koleo

Kwenye karakana ya nyavu walimwita Bi Koleo kwa sababu ya meno yake. Wenzake walibana chubwi, vile vipande vya madini ya risasi vinavyozamisha wavu, kwa koleo la chuma. Yeye alitia kipande kinywani, akang'ata mara moja, kikashika kamba. Risasi ni laini, hata ukucha unaiachia alama.

"Koleo hupotea," alisema. "Meno yangu nalala nayo."

Mumewe, mkata maboya wa meza ya pili, alijivunia meno yale.

Mwaka mmoja tumbo likaanza kumsokota. Kisha kiganja cha kulia kikalegea kama jani lililonyauka. Akitaka kukiinua, hakiinuki. Sindano ya nyavu ikawa inamponyoka.

"Umezeeka, Bi Koleo," fundi wa kamba alimtania. "Njoo utupikie chai."

"Nitakumwagia kwa mkono wa kushoto."

Watu walicheka. Nyumbani alilia. Bila mkono ule, yeye nani?

Wengine walisema karogwa. Mumewe akamshika mkono uleule, wakaenda hospitali. Daktari, binti wa rika la mjukuu wao, alipima weee, hakuona kitu. Akauliza mama anakula nini.

"Hali kitu," mume akajibu. "Anatafuna kazi tu."

Mke akaangua kicheko. Daktari akainama.

"Mama, hebu cheka tena."

Kwenye fizi palikuwa na mstari wa buluu, mwembamba kama uzi. Akauliza ni kazi gani hiyo, akaelezwa habari ya chubwi na meno.

"Ni risasi hiyo, mama," daktari akasema. Akawaeleza kwamba ni adui wa kale. Watu wa zamani waliifanya mabomba ya maji kwa kuwa inayeyuka upesi na kukunjika kirahisi. Baadaye wakaitia kwenye rangi, hata kwenye petroli. Huingia mwilini kidogo kidogo, hujificha mifupani kama mgeni asiyeaga, hula mishipa ya fahamu.

"Na mkono?" mke akauliza.

"Ukiacha kung'ata na ukamaliza dawa, unaweza kurudi. Siahidi."

Akaacha. Akakaa nyumbani miezi, kiganja juu ya meza, akikigombeza: "Inuka, mvivu we!" Mumewe alikikanda.

Asubuhi moja mume alikuwa anamimina chai, akamsikia mkewe nyuma yake, "Baba, geuka."

Kiganja kilikuwa kimesimama wima. Vidole vinatetemeka, lakini kimesimama, kama cha askari anayezuia magari. Chai ikafurika mezani, hakuna aliyejali.

Aliporudi karakanani alimpungia fundi wa kamba kwa mkono wa kulia. Akaketi, akafuma wavu mzima, chubwi zote kwa koleo. Kisha akapita meza kwa meza, akiwasaka waliomwiga kung'ata. "We! Nimekuona. Tema!" Walitema. Akadai sabuni na maji mlangoni, vikaletwa.

Nyavu alizofuma baada ya hapo ni nyingi kuliko za mwanzo. Alipokufa, uzee ndio uliomchukua. Risasi haikumweza. Mkono ule ulimshika mumewe mpaka mwisho, na ulishika kwa nguvu.