Mahindi ya Zizini

Mimi sina subira, na sijawahi kulificha hilo. Maharage yakiwa jikoni nafunua sufuria kila saa, hadi mama ananiuliza kama yanaiva kwa kutazamwa. Kwa hiyo salamu za kwetu zilinichosha tangu nikiwa mdogo.

Kwetu Simiyu mtu akija nyumbani, hata kama amebeba habari mbaya namna gani, anasalimia kwanza mpaka salamu iishe. Mwadila, ndiyo salamu yetu Wasukuma. Habari za hapa? Mhola. Watoto? Mhola. Ng'ombe? Mhola. Mhola ni salama, yaani amani ipo. Mkishazipanga mhola zote hapo chini kama viazi, ndiyo anavuta pumzi: "Sasa, nimetumwa. Shangazi yenu hatunaye." Na habari ikiwa nzito, salamu nayo inarefuka. Wengine wanaulizia hadi mbwa. Ukisikia mgeni kafika kwenye mbwa, anza kutafuta khanga ya msibani.

Nilipokuwa kidato cha tatu niliamua kwamba huo ni uongo, nikamwambia baba. Alikuwa uani anachonga mpini wa jembe.

"Baba, mtu kafiwa, anasemaje mhola?"

"Amefika kwa miguu yake?"

"Ndiyo."

"Maji tumempa?"

"Tumempa."

"Basi anazo mhola. Aziweke chini kwanza. Ukianza na shida, mayu, zile nyingine unazisahau mlangoni."

Mayu ni mama. Ananiita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake, na pia akitaka nimletee maji.

Baba si mtu wa kanisani sana. Jumapili alikuwa anakaa benchi la nyuma, karibu na mlango, ili awahi ng'ombe. Lakini sala ya chakula nyumbani ilikuwa yake, na hakukubali tuseme asante kwa yote. "Yote yapi? Hiyo ni shukrani ya jumla. Mungu hajafungua duka la jumla." Kila mtu ilibidi ataje kitu kimoja alichokiona siku hiyo kwa macho yake, ambacho hakukiomba. Mimi nilitaja chochote ili tule.

"Nimeona jua."

"Jua gani?"

"Baba jamani, jua la leo!"

"Ugali unapoa," mama anasema. "Mwacheni Mungu naye apumzike."

Sasa hivi natamani mtu aniulize jua gani.

Baba aliondoka mwaka ule mvua ilipotukimbia. Ngitili yetu, lile eneo la nyasi tunalolifunga ng'ombe wasiingie mpaka kiangazi kikali, ilibaki vumbi tupu. Ng'ombe wakawa wanalala asubuhi hawaamki, tunawainua kwa kushika mkia na pembe. Baba na jirani yetu wakakusanya waliobaki wakaswaga kuelekea upande wa Katavi, na mbwa wetu akawafuata. Wakati anatoka aliniambia, "Nyasi zikirudi, narudi." Hilo neno nikalishika kama risiti.

Mimi nilishamaliza kidato cha nne, nikapata kazi Bariadi mjini, duka la vitenge karibu na stendi. Naenda asubuhi kwa baiskeli, narudi jioni. Baba ananipigia siku ya mnada tu, maana ndiyo siku anayofika kwenye mtandao na kasimu kake ka kitochi. Siku hiyo mimi sifai kwa kazi. Bosi wangu, mama mmoja wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitokea Tabora, ananisema mbele ya wateja.

"Binti, hiyo simu imekuzaa au wewe umeizaa?"

"Namsubiri baba, mama."

"Basi mpimie huyu dada kitenge. Baba yako hatoki humo ndani."

Mwanzoni simu zetu zilikuwa mbovu. Anasema mwadila, mayu, mimi naitikia na hapohapo nauliza unarudi lini. Anasema, "Nimekusalimia. Kuna mhola gani huko?" Nasema mhola tu, unarudi lini? "Mhola gani?" Nabaki natafuta, sina. Mtandao unakatika. Naenda kukaa nyuma ya marobota ya vitenge nalia kwa hasira, kwamba nimepata dakika za baba yangu zikaisha nikitafuta cha kusema.

Ndiyo nikaanza kukusanya. Sikuanza kwa utakatifu, nilianza ili siku ya mnada nisiwe mkono mtupu. Njiani asubuhi naangalia. Nikaona ua la pamba linafunguka jeupe, kesho yake ua lilelile limegeuka la waridi. Nimekulia ndani ya pamba, nimevuna hadi vidole vimechanika, na sikuwahi kuliona hilo. Nikaona kina mama wanavyochimba mchanga wa mtoni wakayaacha maji yajae taratibu, hakuna anayeyaharakisha. Siku mvua ya kwanza iliponyesha, bati la duka likavuja juu ya vitenge vipya. Bosi akakimbia akaweka ndoo chini ya tundu, akajifuta uso, akasema, "Alhamdulillah, ndoo tunayo."

Hiyo nilimpelekea baba. Alicheka mpaka akakohoa. "Huyo mama ni Msukuma huyo! Mwambie wabeja." Wabeja ni asante. Nilimwambia bosi, naye akawa ananiuliza kila siku ya mnada kama baba hajamsalimia.

Mvua ikaendelea vizuri. Nyasi zikarudi. Mimi nikawa napita ngitili kila jioni kuzipima: kwenye kifundo cha mguu, kwenye goti. Siku moja nikamkuta yangeyange mmoja mweupe kasimama kwenye uzio wa zizi letu lisilo na ng'ombe. Wale ndege wanafuata ng'ombe, na tangu ng'ombe waondoke hatukuwaona. Siku ya mnada nikampa baba zote: nyasi zimefika gotini, lambo limejaa, yangeyange yupo zizini anasubiri.

Nilidhani atafurahi.

"Mayu, hiyo siyo mhola," akasema. "Hiyo ni kuniita."

Ilikuwa kweli. Nilianza kukusanya vizuri, halafu njiani nikageuka. Kila nilichokiona nilikuwa naangalia kama kinaweza kumvuta mtu. Ua la pamba haliwezi kumrudisha baba, kwa hiyo nikaacha kuliona.

Na kulikuwa na kitu kimoja sikumwambia. Mvua zilipoanza, mama alilima ndani ya zizi akapanda mahindi.

"Mama! Na ng'ombe wakirudi watalala wapi?"

"Wakirudi tutavuna haraka."

"Si ungengoja?"

"Samadi haingoji," akasema, akaendelea kufukia mbegu kwa kisigino. Sikuongea naye mpaka kesho yake. Lakini yale mahindi yalirefuka kama yanakimbizwa, ya kijani kibichi kinachokaribia weusi. Kila mpita njia alisimama kuyashangaa. Mimi nilikuwa napita nimegeuzia uso upande wa pili.

Halafu ikaja siku ya mnada, simu ikalia mapema kuliko kawaida.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, baba."

"Mama yako?"

"Mhola."

"Miguu yake?"

"Mhola, anatembea."

"Pamba?"

"Mhola."

"Kuku? Baiskeli? Bosi wako?"

Niliposikia baiskeli nikakaa chini. Bosi akaniangalia, akawapeleka wateja upande wa vijora.

"Na paka?" baba akasema.

"Hatuna paka, baba."

"Ee. Kweli."

Nikajua salamu imekwisha na sasa anavuta pumzi. Na mimi, ambaye maisha yangu yote nimekata salamu za watu, nikataka hii isiishe. Nikasema, "Subiri, baba, bado sijamaliza mhola zangu." Nikaanza. Jana nimeona mzee mmoja stendi anamfungia mke wake kamba za viatu, basi limewasha injini na hajali. Leo asubuhi ukungu ulikuwa umelala kwenye choroko, tando zote za buibui zinaonekana. Mama ameanza kuimba tena akitwanga. Maji ya kuoga ya leo yalikuwa na harufu ya moshi wa kuni. Nilikuwa nayataja tu mambo hayo, na nilipoyataja nikaona hakuna hata moja linalomwita. Nilikuwa nimeyaona kweli. Sijui niliyaona lini.

Yakaniishia. Likabaki lile moja.

"Na zizini, baba, kuna mahindi."

"Zizini?"

"Mama alipanda. Yamenipita urefu. Yanabeba mawili mawili."

Nikamsikia anavuta pumzi kwa nguvu puani. Nyuma yake ng'ombe wa mnadani walikuwa wanalia.

"Basi mama yako alijua," akasema taratibu. Halafu akaniambia. Wamepewa eneo huko, yeye na jirani. Ameshajenga boma. Njia ya kurudi ni ndefu, ng'ombe hawataiweza tena, na huku hakuna uhakika kwamba mwaka kesho nyasi zitakuwepo. Hatarudi msimu huu. Pengine baada ya mavuno yake atakuja yeye mwenyewe, bila ng'ombe, kutuona. Pengine.

"Wewe umeona nini, baba?" nikamuuliza. Sijui kwa nini sikuwahi kumuuliza.

"Mimi? Yule mwekundu kazaa. Ndama jike, ana baka jeupe hapa kwenye paji. Kila asubuhi ananilamba mkono wenye chumvi, na kila asubuhi na—"

Mtandao ukakatika.

Bosi alinipa maji ya kunywa. Akaniruhusu niwahi nyumbani.

Nilimkuta mama ndani ya zizi anavunja mahindi mabichi ya kuchoma. Nikaegemeza baiskeli kwenye miti ya zizi. Kwa mara ya kwanza niliyaangalia vizuri yale mahindi, nywele zake zimekauka nchani, majani yanagusana juu ya kichwa cha mama kama paa.

"Baba kapiga," nikasema.

"Kasemaje?"

Neno "hatarudi" lilikuwa mdomoni kabisa. Nikalimeza.

"Mhola," nikasema.

Mama akaacha kuvunja. Akakaa pale kwenye jiwe la mlangoni, akapakata mahindi.

"Mhola gani?"

"Yule mwekundu kazaa. Ndama jike."

"Rangi?"

"Ana baka jeupe kwenye paji."

"Na maziwa yanatoka?"

"Nadhani yanatoka."

"Na jirani yetu?"

"Mhola."

Akachukua hindi moja, akalimenya polepole, jani moja moja, mpaka punje zikaonekana zimejaa. Akanipa.

"Na mbwa?" akauliza.

"Mhola, mama," nikasema. "Mbwa naye mhola."