Wino wa Nélida

Kitu cha kwanza ambacho mtu alikigundua kwa Evaristo Zanardi ni kwamba hakuwahi kutundika koti lake. Hata mwezi Januari, jiji la Rosario linapotokota kama sufuria, aliingia mkahawani koti likiwa mkononi, akaketi nalo magotini, wima, kama mtu aliyepakata mtoto aliyesinzia. Ndani ya koti hilo mkewe alikuwa amemshonea mifuko myembamba, na kila mfuko ulibeba kalamu ya wino. Kalamu ya wino ikipinduliwa, huvuja. Waliomjua walimwachia kiti cha pembeni. Wasiomjua walidhani anaogopa wezi.

Mkewe, Nélida, ndiye aliyekuwa na mkono wa wino. Evaristo alikuwa mtu wa mitambo midogo. Maisha yake yote alitengeneza mashine za kuhesabia za maofisini, na nyumba yao ilijaa redio za mfukoni, vinasa sauti na saa za kila umri.

"Mzee," Nélida alizoea kumwambia, "vidude vyako vitanihamisha nikalale barazani."

"Vidude vyangu havimwagi wino kwenye shuka."

"Ndiyo maana havina la kusimulia."

Sasa ulikuwa unakaribia mwaka tangu Nélida afariki, na Evaristo alikunywa peke yake mate ya asubuhi, ile chai chungu ya majani ya nchini kwao. Kinywaji kile huzunguka: unamimina maji ya moto kwenye kibuyu, unampa mwenzio, anakurudishia. Yeye alimimina, akanywa, akajirudishia mwenyewe. Hapo ndipo mawazo yalipomjia. Simu ikizeeka, aliwaza, hutupwa kwa kuwa hakuna tena anayesikilizana nayo. Kalamu ikizeeka huwa imeuzoea mkono mmoja; mpe mtu mwingine, itakwaruza na kugoma, kama inayomtafuta mwenyewe. Hakujua ni lipi kati ya mawili hayo lililo bora. Yeye mwenyewe, alihisi, alikuwa na magonjwa yote mawili.

Wapenzi wa kalamu wa jijini walikutana mkahawani Jumamosi moja ya kila mwezi, na walikuwa na desturi yao. Mwenzao akifa, mwaka ukitimia, kalamu yake ililetwa mezani ikiwa na wino wake mwenyewe. Ilipita mkono hadi mkono, kila mmoja akaandika mstari mmoja wa kumkumbuka, na wa mwisho kuandika alikuwa mjane. Iliendelea kuzunguka hivyo mpaka ikauke. Baada ya hapo ndipo ilipooshwa.

Nélida hakuwahi kutumia wino wa dukani ulivyo. Alichanganya wake, kwa jicho tu, kama mtu anavyotia chumvi kwenye mchuzi: kahawia ya mto Paraná ukifurika, wenye wekundu kwa mbali, na ulipokauka kingo za herufi zilikuwa kijani. Asubuhi ya kwenda hospitali alimalizia wino wote uliobaki kwa kuijaza kalamu yake. Hakurudi. Evaristo aliiweka kalamu hiyo kwenye droo, akaifunga vizuri isikauke, akaitunza kama yai.

Jumamosi kabla ya wiki ya mkutano aliitoa, aikague. Jioni akailaza mezani pamoja na zake.

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi, siku ambayo kwa miaka yote Evaristo aliosha kalamu zilizokaa bila kazi. Redio ilikuwa sikioni, timu yake ilikuwa inafungwa, na mikono ilifanya iliyoyajua: chukua, fungua, weka chini ya bomba, kung'uta. Mazoea yana taabu. Alipotazama chini, sinki lilikuwa limegeuka mto. Alijaribu kuyakinga maji kwa kiganja. Kisha akakandamiza karatasi laini kwenye tundu la sinki, akaiinua, na juu yake kulikuwa na doa hafifu, kama la chai.

Alikaa sakafuni mpaka mpira ukaisha. Kisha akampigia Raquel Mandelbaum, mwenyekiti wao, mwanasheria mstaafu ambaye hakuzoea kukosa neno.

"Raquel, nimeiosha."

"Umeosha nini?"

"Ya Nélida."

"Wino wote?"

"Unadhani nimeosha nusu?"

"Wewe mzee ni punda," Raquel alisema. "Punda mwenye mikono misafi." Halafu Evaristo akamsikia akipenga kamasi kwa muda mrefu.

Jumatatu alikuja Tito Scarafía, rafiki yake tangu utotoni, na mfuko wa chupa za wino. Walichanganya mpaka meza ya jikoni ikafanana na bucha.

"Ndiyo huu," alisema Tito.

"Huo ni supu ya dengu."

"Basi huu."

"Huo ni damu ya ng'ombe."

Tito aliifuta miwani yake, akaichafua zaidi. "Sikiliza, ndugu yangu. Weka wowote. Nani atajua? Nusu yetu pale hatuoni bila miwani, na nusu iliyobaki hatuoni hata tukiivaa."

"Yeye angejua."

"Yeye amekufa, Evaristo." Alilisema polepole, kama mtu anayemwambia mwenzake kamba ya kiatu imefunguka.

"Najua. Angekuwepo ningemwomba anichanganyie mwingine."

Tito alianza kufunga chupa, moja moja.

Jumatano simu ililia.

"Kaa chini," alisema Raquel.

"Nimekaa."

"Unamkumbuka Ofelia wa Resistencia? Yule mnene aliyekula vitafunio vya watu wote?"

Evaristo alimkumbuka. Alikuja mkutanoni mara moja, miaka ya nyuma, akiwa safarini kutoka mji wake wa Resistencia, huko kaskazini, na Nélida alimpa kichupa cha wino wake, kama jirani anavyompa jirani sahani ya chakula. Wapenzi wa kalamu hugawiana hivyo.

"Bado anacho," Raquel aliendelea. "Hakuutumia. Anasema aliuonea huruma. Lakini hajawahi kukifungua, wala hajui kama wino umeganda. Nimemwambia asikiguse. Atakifunga kwenye soksi, atakipeleka stendi, kitasafiri na basi la Ijumaa usiku. Jumamosi asubuhi uko nacho."

"Na kama umeganda?"

"Basi utakuwa umeganda, baba. Uende stendi."

Jumamosi asubuhi Evaristo alikuwa stendi kabla kibanda cha mizigo hakijafunguliwa. Basi halikufika. Karani alimwambia kwamba wafanyakazi wa viwanda vya pamba walikuwa wamefunga barabara huko kaskazini kwa matairi yanayowaka, na hakuna aliyejua watafungua lini. "Wana haki yao," karani aliongeza. Evaristo alikubali kwamba wana haki, akaketi, koti magotini.

Mchana ukapita. Alifikiri kwamba wino ni maji tu na rangi. Maji huondoka, rangi hubaki imeshika kioo, na kuna wanaoufufua kwa matone machache, lakini unaofufuka mara nyingi si ule. Alifikiri kwamba Ofelia huenda alikosea kichupa. Alifikiri kuhusu sinki. Saa ya mkutano ilifika, na simu ikatetemeka.

"Tumekaa," alisema Raquel.

"Anzeni."

"Tuanze nini? Kalamu unayo wewe. Tumeagiza kahawa nyingine na mwenye mkahawa ameanza kutuchukia. Tito amekula vitafunio vyako."

"Huenda lisifike leo."

"Basi atatuchukia hadi kesho."

Evaristo alikata simu, akairudisha mfukoni. Watu walipita na masanduku yao, mama mmoja akimkemea mumewe kwa kusahau chupa ya maji moto. Aliwatazama mpaka walipopotea kwenye msongamano.

Kisha karani akatoa kichwa kwenye dirisha la kibanda. "Mzee, basi la Resistencia limefika."

Basi liliingia polepole, limejaa vumbi na masizi hadi madirishani. Abiria walianza kushuka wakinyoosha migongo. Mpagazi aliinama, akafungua tumbo la basi, akaanza kutoa magunia na maboksi, akiyasoma majina kwa sauti, jina baada ya jina. Evaristo alisimama mbele ya wote, akisikiliza lake.