Masomo ya Kidachi ya Shemeji Dominiko

Shemeji yangu Dominiko akishiba huanza kuyapima masomo yake. Huyachambua moja moja, kama mwanamke anayechambua mbegu na kutupa zilizotobolewa na wadudu. Kidachi, hesabu, mwandiko, mito ya Ulaya, gwaride, adabu, tarumbeta. Lipi lilimfaa, lipi lilimpotezea ujana. Dada yangu Veronika, ambaye ndiye mkewe, humsikiliza kwa upole mpaka amalize. Mimi upole huo sina. Mimi ni shemeji, na shemeji asiyetania ana tofauti gani na mpita njia?

Alisomea Dar es Salaam, katika shule ya serikali ya Wadachi, yaani Wajerumani, na aliporudi kwa gari la moshi reli ilikuwa imeshapita Morogoro na kuelekea Kilosa. Alishuka na sanduku la bati na tarumbeta iliyobonyea, ambayo bendi ya shule ilikuwa imeikatia tamaa. Matumaini yake yalikuwa kupata ukarani stesheni. Akaambiwa asubiri. Akasubiri mpaka viatu vikaanza kucheka, kisha akaona kwamba kusubiri kwa mke ni bora kuliko kusubiri kwa kazi, akapanda huku kwetu juu ya Bigwa kumposa Veronika. Walikuwa wamependana tangu darasa la katekisimu, na hilo kila mtu alilijua isipokuwa padre.

Sasa, kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba anapendwa na kuheshimiwa, lakini neno la mwisho juu ya binti ni la mjomba. Kwa hiyo Dominiko alikalishwa kigodani mbele ya mjomba wetu Stefano, nami nikajipa kazi ya kufagia uwanja uliokwisha kufagiliwa.

"Tumsifu Yesu Kristu, mjomba."

"Milele amina. Nasikia ulikuwa shule. Ulisoma nini huko?"

"Kidachi, mjomba."

"Huku juu wanakaa Wadachi wangapi?"

"Hakuna, mjomba."

"Basi utazungumza na nani? Haya, na nini kingine?"

"Mito ya Ulaya. Chanzo chake na mahali inapoishia."

"Na huu mto wetu?"

"Huu hatukufundishwa, mjomba."

"Endelea."

"Adabu pia ilikuwa somo. Jinsi ya kusimama na kumwamkia mkubwa."

Mjomba akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hilo angalau lina maana. Mtu mwenye adabu hata akiwa mvivu huvumilika."

Laiti mazungumzo yangeishia hapo. Lakini mama yetu Bernadeta, ambaye hakujua kwamba mposaji amefika, akatokea nyuma ya nyumba na mtungi wa maji kichwani.

Lazima nieleze kwa ajili ya wasio wa huku. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani. Wakikutana njiani, mwanamume huingia kichakani na kugeuza mgongo mpaka mama apite, hata kama kichaka chenyewe ni cha upupu. Hamsemeshi, hamwiti, hampazii sauti. Ndiyo heshima. Dominiko aliyajua yote hayo, maana alizaliwa hapa hapa. Lakini ile shule ilikuwa imeshamwingia miguuni. Alipoona mtu mkubwa anakuja, mwili wake ulinyanyuka kabla ya akili. Visigino vikagongana, kifua mbele, mkono umenyooshwa, macho ndani ya macho ya mama, na salamu ya Kidachi juu yake.

Mtungi ulianguka. Mama akajifunika uso kwa upande wa kaniki na kukimbilia ndani, na mjomba akafumba macho kama mtu aliye kanisani. Mimi nilicheka. Nilipigwa kwa kicheko kile, lakini nilikula faida yake kabla ya hasara.

Mama hakutaka kusikia lolote. "Aliyenitazama hivi leo, kesho ataniita kwa jina," alisema. Veronika akalia na kususia chakula, jambo lililonitisha kweli, kwa sababu dada yangu hajawahi kugombana na ugali. Siku zilipopita na kilio hakikukoma, mjomba akatoa hukumu. Dominiko angelinda shamba la mahindi la mama mpaka mavuno. Mahindi yakifika nyumbani salama, ndoa ipo. Lakini akimkosea mama tena, kwa jicho au kwa sauti, hata mara moja, achukue sanduku lake arudi stesheni akasubiri huko.

Shamba la mama limeinama. Watani wetu wa bondeni husema kwamba Mluguru akiteleza shambani kwake, huokotwa shambani kwa jirani. Juu kabisa palikuwa na dungu la kulindia, na huko ndiko alikokaa Dominiko na kombeo lake. Chini, karibu na korongo, mama alipalilia maharage. Na korongoni walikaa nyani, ambao nao walikuwa wakiyangoja mahindi kwa hamu kuliko bwana harusi mwenyewe.

Kati ya mama na mkwe wake mtarajiwa nilikuwepo mimi. Mama alisimama chini ya dungu, kaniki usoni, akasema, "Regina, mwambie huyo aliye juu kwamba upande wa mashariki nyani wamevunja mabua." Dominiko alikuwa amesikia kila neno. Hata hivyo niligeuka nikasema, "Dominiko, mama anasema upande wa mashariki nyani wamevunja mabua." Naye, akiyatazama mawingu, "Mwambie nimesikia." Nikageuka tena. Nilibeba maneno hatua chache tu, lakini jioni nilichoka kama niliyetwishwa mzigo wa kwenda Turiani.

Kilichonipumzisha ni tarumbeta. Siku moja nyani walipanda kutoka korongoni wakati mama ameinama na mimi nimekwenda kuteka maji. Dominiko aliwaona kutoka juu, wakubwa kwa wadogo, wakimpita mama mgongoni. Mawe ya kombeo hayakufika. Kupaza sauti kumwita mama mkwe ni kosa lile lile la pili. Akajishika kichwa, kisha akaichukua ile tarumbeta na kupiga wito wa kuamsha wanafunzi.

Mama akaruka, akageuka, akawaona nyani, akawatimua kwa jembe. Jioni hakunituma ujumbe wowote. Alisema tu, akikiambia chungu cha mboga, "Kile chombo kina sauti nzuri."

Tangu siku ile wakaelewana. Wito wa kuamka ulikuwa nyani. Wito wa kukusanyika ulikuwa mvua inakuja, anueni vitu. Wito wa chakula ulikuwa kwamba mlinzi ana njaa, na huo alipenda kuupiga mapema. Mama naye akatafuta debe bovu la mafuta ya taa, akawa anajibu kwa kijiti, mapigo yale yale, bila kukosea. Hakufundishwa na mtu. Dominiko alikiri kwamba kule shuleni kulikuwa na vijana waliofundishwa miezi na miezi na hawakuweza.

Mahindi yalipokuwa yamekauka, tayari kuvunjwa, ukungu ulishuka. Nauzungumzia ukungu wetu, ule ambao ukinyoosha mkono huoni vidole vyako. Nyani wanaupenda. Nilikuwa na mama karibu na korongo tuliposikia mabua yanavunjika pande zote, na mikoromo, na watoto wao wakilia. Hatukumwona hata mmoja. Nikashikwa na hofu, maana nyani dume akikasirika humrarua mbwa. Mama alikuwa na hofu pia. Akalichukua debe na kupiga wito wa kukusanyika.

Huko juu Dominiko aliusikia, akauelewa, na hapo ndipo matata yalipomkamata. Mama mkwe anamwita. Akienda, atatokea mbele ya uso wake ghafla kwenye ukungu, na kosa la pili litakuwa limetimia. Asipoenda, mahindi yamekwisha na mama yuko hatarini. Basi mtu huyu msomi akafanya lile lililomjia. Akateremka kinyumenyume. Akaupa mteremko mgongo, akafumba macho kwa usalama zaidi, akaja akipiga muziki wa gwaride kwa nguvu zake zote.

Shamba lile hata mbuzi huliteremka kwa tahadhari. Tulisikia muziki unakaribia, unakaribia, kisha ukatoa sauti ambayo sidhani kama iko katika nyimbo za Wadachi. Kitu kikatokea ukunguni kikibingirika, miguu, tarumbeta, mabua na matope, kikapita katikati ya nyani, kikatupita na sisi, kikatua shambani kwa jirani. Nyani walikuwa wameshazoea kombeo na tarumbeta, lakini hiki hawakuwahi kukiona. Walikimbia wakipanda migongoni mwa wenzao, na msimu ule hawakurudi tena.

Tulimkuta amelala chali kwenye viazi vya jirani. Tarumbeta ilikuwa kifuani, na uso umepakaa udongo. Macho ameyafumba kabisa.

"Regina," akasema, "mama yupo hapo?"

"Yupo."

"Mwambie sijamtazama."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Sikuwahi kumwona akicheka mbele ya mwanamume asiye wa nyumbani kwake. Alijifunika kaniki, akacheka humo ndani, mabega yanaruka. Jioni alikwenda kwa mjomba Stefano, nami nikafuata ili nisikie. Alisema, "Kaka, mtu anayeanguka kutoka juu ya shamba langu mpaka kwa jirani bila kufumbua macho, huyo ameelimika. Mwozeshe."

Wakafunga ndoa misheni, na nyimbo zikaimbwa. Baada ya harusi kuna desturi nyingine, mkwe huleta mbuzi na nguo ili mama mkwe afungue mdomo, na tangu hapo wanaweza kusalimiana. Dominiko alileta mbuzi mzuri. Mama akachukua nguo, akamrudisha mbuzi kwa mkono wangu.

"Mwambie shemeji yako nashukuru," alisema. "Lakini tukianza kusalimiana kwa mdomo, ataacha kupiga."

Basi hawajasemezana mpaka leo. Dominiko anafundisha watoto kusoma hapa hapa kijijini, nyumba yake iko ng'ambo ya korongo, na kila asubuhi hupiga wito wa kuamka, mama akajibu kwa debe. Nilimwuliza Kidachi kilimfaa nini. Akafikiri. "Kilikuwa nauli," akasema. "Bila hicho nisingefika kwenye tarumbeta."

Masika yaliyopita mama aliugua homa. Asubuhi moja wito ulipigwa na mama hakuweza kuinua mkono. Ukapigwa tena. Sikutaka shemeji yangu ahangaike, nikalichukua debe mimi na kujibu, mapigo yale yale, kwa uangalifu mkubwa. Kisha nikasikia mtu anakuja mbio kupitia korongoni kwenye tope, kwa kuwa alikuwa ametambua kwamba mkono si wenyewe.

Alisimama nje ya mlango, akaipa nyumba mgongo, anahema. Alipiga wito wa chakula, polepole, kama anayembembeleza mgonjwa ale. Mama akafumbua macho. Nilimtilia uji, akanywa vijiko kadhaa, vya kwanza tangu juzi yake.

Kisha akasema, kwa sauti iliyovuka mlango na kufika uwanjani, "Regina, mwambie mwanangu bado nipo."

Dominiko alikuwa hatua chache tu kutoka kitandani, na nilimwona mabega yake yakitikisika. Alikuwa amesikia. Nikatoka nje, nikasimama mbele yake, nikamwambia hivyo hivyo, neno kwa neno.