Chupa ya Achari Iliyogoma Kufunguka

Nilipokuwa mtoto, stoo yetu ya jikoni haikuwa na kifuniko hata kimoja kinachokaza. Ilikuwa kichumba chini ya ngazi, katika nyumba yetu ya mtaa wa Langoni, kisiwani Amu, na Bibi, mamake Baba, aliipanga kwa namna aliyoijua mwenyewe: mchele kwenye mtungi uliofunikwa sahani, sukari kwenye bakuli lenye kawa juu yake, iliki ndani ya mkebe uliopoteza kifuniko kabla sijazaliwa. Ukimtuma mtu chumvi, alirudi na hamira. Bibi peke yake ndiye aliyeingia mle gizani akatoka na alichokitaka.

Shangazi Swafiya, dada yake baba, hakuweza kuvumilia. Alikuja kutoka Mombasa kumsaidia Mama, aliyekuwa na mimba kubwa, na mzigo wake mzito haukuwa nguo. Ulikuwa makopo ya plastiki yenye vifuniko vya kuzungusha. Alishinda stoo siku nzima, mtandio kaufunga kichwani, akipepeta, akifuta, akimimina, akikaza. Mimi ndiye niliyemshikia makopo, na alipomaliza, marefu yamesimama nyuma na mafupi mbele, nikaona hakuna nyumba Amu nzima iliyo nadhifu kama yetu. Hata chupa ya achari ya ndimu ya Bibi, ambayo kifuniko chake cha chuma kilishaanza kushika kutu kwa chumvi, aliikaza kwa kitambaa mpaka mishipa ya mkono ikamtoka.

Bibi alikuja akasimama mlangoni. Hakusifu.

"Nyumba ina mja mzito, nawe wafungafunga zitu," alisema. "Fungua hizo zifuniko, Swafiya, mwana aye kwa salama."

"Mama, panya wataingia," Shangazi alijibu. Mombasa ilishambadilisha hata matamshi. "Na mtoto analetwa na Mungu, haletwi na vifuniko."

"Mwana aletwa ni Mngu. Zifuniko umezikaza wewe."

Bibi aliamini, na majirani walimuunga mkono, kwamba mwanamke akikaribia kuzaa, chochote kilichofungwa nyumbani humo, liwe kasha, fundo au kopo, humfunga na yeye. Shangazi alicheka, nami nikacheka naye, maana nilikuwa upande wa makopo. Lakini hofu ya Bibi haikuwa ya bure. Mtoto aliyenifuata mimi, Mama alimzaa amekufa. Tangu hapo nyumbani kwetu watu walizungumza habari za hii mimba kwa sauti ya chini.

Uchungu ulimshika Mama alfajiri ya Ijumaa, na Baba yuko Mokowe, ng'ambo ya maji, kupokea bidhaa za duka lake. Mkunga, Bi Zuhura, akaitwa. Tulidhani hadi watu waende msikitini mambo yatakuwa yamekwisha. Watu wakaenda msikitini, wakarudi, wakala, na Mama bado. Bi Zuhura alitoka ndani mara moja kuomba maji ya moto, na uso wake haukuhitaji maneno. Bibi alimfuata nyuma, akaniona nimejikunyata ngazini.

"Enda stoo, mwanangu," aliniambia. "Zifuniko zote uzionazo, fungua. Usisaze hata kimoya."

Ukuta wa stoo ndio uliotutenga na chumba alimolala Mama. Nilimsikia. Nilikuwa na umri wa kujua kufa, sikuwa na umri wa kujua kuzaa, na kila alipougulia nilizungusha kwa nguvu zaidi. Unga, sukari, choroko, tende, bizari. Vilivyonishinda kwa mkono niliving'ata. Vifuniko vikanizunguka sakafuni na stoo ikanuka viungo vyote kwa pamoja.

Ikabaki achari. Nilijaribu kwa upindo wa leso, nikajaribu kwa maji ya moto, nikaigonga kwa mchi wa kinu cha viungo. Kifuniko hakikutikisika. Upande wa pili Mama alinyamaza, na ule ukimya ukanitisha kuliko kelele. Nikaanza kulia.

Shangazi akanikuta hivyo. Nilijua nitafokewa, maana kazi yake yote ilikuwa imefumuliwa. Badala yake alikaa chini kwenye sakafu na kanga yake safi, akanyoosha mkono.

"Lete."

Alizungusha hadi ngozi ya kiganja ikachubuka. "Funguka," aliiambia chupa, yeye aliyekuwa akicheka. "Funguka basi, nakuomba!" Kisha akanitazama, machozi yakimtiririka. "Mimi ndiye niliyeikaza," akasema. Akainuka, akaipiga chupa kwenye kizingiti.

Vioo, ndimu na pilipili vikaruka mpaka kwenye unga. Shangazi yangu, ambaye hakuweza kuona punje ya mchele sakafuni!

Ningependa kusema mtoto alilia papo hapo. Hakulia. Tulishaokota vioo vyote, Shangazi akipiga yowe kila chumvi ilipogusa kiganja chake, tulishaanza kudeki, ndipo tulipomsikia. Kwanza sauti nyembamba ya kutia mashaka, kisha kilio cha hasira hasa. Shangazi alinikumbatia tukaanguka wote kwenye maji ya achari, tukicheka na kulia. Sijawahi kufurahi vile tena maishani, na nimepata furaha nyingi.

Bibi alitoka, uso umemlowa. "Mwana mume. Na mamako yu mzima." Halafu akaangalia sakafu. "Ni nani aliyevunda tupa yangu?"

"Ni mimi, mama," alisema Shangazi.

"Alhamdulillahi," akasema Bibi, na mpaka leo sijui alimshukuru Mungu kwa mtoto tu au na kwa ile chupa.

Mtoto yule ni ndugu yangu Athumani. Anafundisha baiolojia sekondari huko Mombasa, na kisa hiki akisimuliwa hutikisa kichwa. Nyumba nimebaki nayo mimi, na ugonjwa wa kupanga nimeurithi kwa Shangazi. Mwezi uliopita nilikuwa stoo, ndiyo kwanza nimemaliza kuosha na kukaza kila kopo, simu ikalia. Athumani. Mkewe alikuwa wodi ya wazazi tangu usiku.

"Dada, uko nyumbani?"

"Niko stoo."

"Basi, vile vifuniko..." mwalimu wa baiolojia akasema, akashindwa kumaliza.

"Nimeshavifungua," nilimwambia, nikaanza kufungua.

Sijui kama kopo lililo wazi Langoni linamsaidia mwanamke aliyelala Mombasa. Nadhani halimsaidii. Ila najua ile saa, unapompenda mtu na huna la kumfanyia, mikono inakuwa mizigo, na Bibi alikuwa mtu wa kwanza kunipa pa kuitua yangu. Nilifungua yote, na chupa ya achari nikaifungua mwanzo.

Mtoto wa kike alizaliwa alasiri, mama na mwana wazima. Nilikaa sakafuni katikati ya makopo yangu nikalia kwa raha, tena kwa sauti, mtu mzima mimi. Vifuniko sikuvirudisha mpaka walipotoka hospitali. Sisimizi waliingia kwenye sukari, nami nikawaopoa kwenye chai kwa kijiko, nikanywa.