Ukuta wa Matofali Mabichi

Kwanza naomba radhi kwa mwandiko. Niliishia darasa la saba, naandika polepole, na herufi nyingine hunitoroka. Pale nilipokosea soma tu unavyoelewa. Tena maneno kama haya angefaa kuyasema mzee, lakini mzee aliyenionya mimi ametangulia mbele ya haki, na sipendi yafukiwe pamoja naye. Kwa hiyo, mdogo wangu, wewe unayetaka kujenga vyumba viwili vitatu upangishe, nisikilize mimi badala yake.

Nakumbuka mchana mmoja wa mwezi wa kumi na mbili, wingu jeusi limefunga upande wa Kwihara, nami nimesimama nyuma ya nyumba yangu ya kwanza, kiganja kimegusa ukuta. Ukuta ulikuwa na ubaridi na unyevu, kama paji la mtu ambaye homa imemwachia sasa hivi. Niliutoa mkono haraka. Niliogopa hata kuuegemea.

Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili na sebule, kando ya barabara itokayo Tabora mjini. Kiwanja nilikipata kwa kuuza asali ya misimu mitatu. Matofali niliyafyatua mwenyewe palepale, kama tunavyofanya wengi huku: unachimba udongo nyuma ya mahali unapotaka kujenga, unafyatua, unapanga tanuru, unachoma. Ukimaliza una matofali, na una shimo.

Kama umewahi kuchoma, unajua kwamba matofali ya katikati ya tanuru hutoka mekundu, ukiyagonga yanalia. Ya pembeni moto hauyafikii vizuri, yanabaki na rangi ya udongo. Hayo watu huyaweka kando wakajengea banda la kuku. Mimi yale mekundu yalinipungukia, mvua ilikuwa karibu, na nilikuwa na hamu kubwa ya kuitwa baba mwenye nyumba. Nikayajengea ukuta wa nyuma wote yale mabichi, kisha nikapiga lipu safi. Nani angejua? Shimo nalo nililiacha wazi, hatua tatu kutoka ukutani.

Mpangaji alikuja hata rangi haijakauka. Alikuwa dada Nyamizi, mshona nguo, mtu wa Tura. Alikuwa na mama yake mzazi aliyepooza upande mmoja, akataka kukaa karibu na matibabu ya mjini. Alikagua chumba, akapapasa ukuta uleule wa nyuma, akasema, "Hapa pana ubaridi mzuri. Kitanda cha mama nitakiweka hapa."

Nilifungua mdomo. Lakini mimi ni mtu wa haya, hasa mbele ya walionizidi umri, nikaufunga tena. Kisha nikasema, "Karibu, dada."

Mvua za kwanza zikajaza shimo. Maji hayakuondoka, yalikaa pale usawa wa msingi, na ufa ukatokea chini ya dirisha. Nikawa naupima kwa njiti ya kiberiti. Jumatatu kiliingia kichwa cha njiti peke yake. Ijumaa njiti ilizama nzima. Tangu hapo kila ngurumo ilinikuta nimeshasimama. Akilini nilimwona yule mama alivyolala, mtu asiyeweza hata kujigeuza bila kushikwa. Nikaanza kupita pale asubuhi na jioni nikisingizia kukagua mabati.

"Baba mwenye nyumba, umekuja tena?" dada Nyamizi akanitania. "Hii nyumba haina miguu, haitakukimbia."

Nikacheka naye, nikainua macho kama ninayehesabu mabati.

Basi mchana ule wa wingu jeusi nikasikia baiskeli ikisimama nyuma yangu. Alikuwa Mzee Kasimu, fundi mwashi wa zamani wa mjini, anakwenda shambani kwake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, macho yake yako kwenye shimo. Akatoa msumari mfukoni akauchomeka kwenye lipu. Uliingia kama unaingia kwenye muhogo uliochemka.

"Mabichi haya," akasema.

"Mabichi, mzee."

"Ndani wako nani?"

"Dada mmoja na mama yake. Mama hawezi kutembea."

"Wanajua?"

"Hawajui."

"Unamwogopa huyo dada?"

"Naona haya, mzee. Atanionaje? Na nani tena atapanga kwangu?"

Hakupaza sauti. "Mwanangu, nimejenga hapa Tabora mpaka mgongo umepinda. Nimewahi kufukua watu chini ya ukuta wa fundi mwenzangu. Naye alikuwa na haya kama bi harusi. Siku ile mtaa mzima ulimtazama, na hakuwa na pa kuuficha uso." Akaegemeza baiskeli yake. "Nenda ukaseme kabla wingu lile halijafika. Usiposema wewe, nitasema mimi."

Kutoka nyuma ya nyumba hadi mlangoni ni mwendo mfupi sana. Nilipiga hodi. Cherehani ilikuwa inalia.

"Karibu. Leo umekuja kuhesabu mabati?"

"Dada, ukuta wa nyuma niliujenga kwa matofali mabichi. Nilijua. Naomba tumhamishe mama sasa hivi."

Cherehani ikanyamaza. "Ulijua siku ile nilipoupapasa?"

"Nilijua."

Alinitazama kidogo tu. "Shika upande wa miguu," akasema.

Tulimbeba na godoro lake, Mzee Kasimu ameshika upande wa kichwa, hadi chumbani kwangu ng'ambo ya barabara. Yule mama alidhani nampeleka hospitali, akawa ananiombea dua kwa Kinyamwezi njia nzima. Matone ya kwanza yalitukuta tunavuka.

Ukuta haukuanguka siku ile. Haukuanguka kesho yake wala keshokutwa, nami nikaanza kujidanganya kwamba nimejiaibisha bure. Siku ya nne mvua ilipotulia, mzee akaja na sururu, akaniambia niubomoe mwenyewe. Sururu sikuihitaji. Niliusukuma kwa mikono miwili, pale kilipokuwa kitanda, ukaenda wote na dirisha lake. Dada Nyamizi alikuwa amesimama pembeni. Aliinama, akaokota tofali, akalifinya. Likageuka tope, likamtoka katikati ya vidole. Hakunitukana. Alikwenda kunawa, akarudi kukaa na mama yake, na mwisho wa wiki wakahama.

Heri angenitukana.

Sasa, mdogo wangu, nasaha zenyewe ni hizi. Chumba kimoja cha matofali yaliyoiva kinakutosha kuanzia. Usikimbizane na mvua, na usikimbizane na jina la mwenye nyumba. Fukia shimo lako kabla hujatafuta mpangaji. Ukiweza, lala wewe kwanza humo ndani msimu mmoja, uone maji yanakwenda wapi na ukuta unasema nini. Na ukikosea, maana utakosea, mwambie anayelala ndani siku hiyohiyo, hata kama sauti inatetemeka. Mimi hadi leo natetemeka ninapopangisha, na sioni ubaya wake. Mtu anakukabidhi usingizi wa mama yake, utaachaje kuogopa?

Mungu akujalie moto ulioenea tanuru lote. Aisimamishe nyumba yako, na kila atakayelala ndani yake aamke salama.

Ukishasoma, tafadhali niandikie. Niambie umefika wapi na ujenzi wako, hata kama ni msingi tu, na kama kuna jambo linalokutia hofu liseme pia. Nitakujibu.