Jivu la Bibi

Juzi mwalimu wa kilimo, mtu wa bara, alituuliza mbolea ya kukuzia ngano inawekwa lini. Ngano sisi Kibiti tunaijua ikishakuwa andazi. Nikanyoosha mkono: "Jivu likikaa, mwalimu." Darasa likacheka, nikatolewa nje, na huko nje, rafiki yangu, ndiko nilikoanza kulikumbuka dungu.

Dungu ni kibanda cha juu ya miguu ya miti, katikati ya mpunga, maji ya Rufiji yakipita chini. Nikiwa darasa la tatu bibi alitupeleka huko wajukuu wote kuamia ndege, kuwafukuza kwa kombeo. Ndege wenyewe walikuwa hawajafika, maana mpunga haukuwa hata na punje. Tukawa tunatupiana kombeo sisi kwa sisi, tunakula wali kwa kambale mpaka tunanuka kambale, na kila ukigeuka dungu linalia kwach, kwach, kama litaanguka.

Pembeni ya jiko ulikaa mfuko mmoja wa mbolea ya urea. Mwingine haukuwepo, na mpunga ulishaanza kuwa wa njano. Ule mfuko ukipotea bure, mwaka huo nyumba nzima ingekula mihogo. Kila asubuhi bibi alishuka na kifuu cha jivu, akalimwaga majini, akaliangalia. Likitembea na maji, mfuko haufunguliwi. Na lilitembea kila siku. Bibi naye alikuwa hatulii: anapanda ngazi, anashuka, anaupapasa mfuko, anatugombeza bila kosa.

Jirani wa upande wa juu, maji yanakotokea, mtani wake, alishindwa kuvumilia. Akamwaga mbolea yake yote huku akiimba, kisha akapaza sauti, "We kizee, utaipikia futari hiyo urea?"

Nilimwona bibi akiuma kanga.

Haikuchukua muda, mpunga wetu wa upande wa chini ukageuka kijani kibichi, na mfuko wetu bado umefungwa. Wa jirani ukabaki njano vilevile. Akaja, akasimama majini, mikono kiunoni.

"Mbolea yangu imehamia kwako."

"Imekuja yenyewe. Mimi sikuialika."

"Basi nitakuja kuivuna."

"Njoo na mundu wako. Wangu haushikwi na watu wenye haraka."

Tulicheka mpaka mdogo wangu akadondoka majini. Ila jirani hakucheka sawasawa, na bibi aliliona hilo. Asubuhi jivu lilipokaa kimya kama vumbi mezani, alifungua mfuko, akajaza ndoo, akatuamuru tuipeleke kwanza kwa jirani. Tukanung'unika. Akasema, "Mtani akifa njaa, utamtania nani?"

Msimu wa kuvuna jirani alikuja kweli na mundu wake, akakata upande wetu wa chini bila kuomba, akaondoka na tenga kichwani akiimba. Ndiyo haki ya mtani. Bibi alimtukana mpaka akapotea machoni, kisha akakaa, akatabasamu peke yake.

Siku hizi magoti yamemweka bibi mjini Kibiti. Jirani kahamia kwa mwanawe, dungu lake limebaki miguu miwili. Na mto umepata wenye ufunguo: huko juu bwawani wanafunga, wanafungua, maji yanakuja yakijisikia.

Likizo iliyopita nilitumwa mimi dunguni na mfuko. Nikamwaga jivu, likakaa. Nikapanda kunywa chai, nikarudi, halipo. Nikamwaga tena, likakaa, likazunguka, likaondoka. Simu ikalia.

"Jivu limekaa?"

"Limekaa kidogo, bibi."

"Jivu halikai kidogo, mjukuu wangu."

Nikasubiri aseme nifanye nini. Na yeye, nadhani, alikuwa ananisubiri mimi. Mfuko niliukumbatia kifuani kama mtoto wa mtu, kila mara nikichungulia chini, na upande wa juu hapakuwa na mtu wa kunitania.