Nyayo za Kiboko Shambani Kwetu

Harufu ya matope ya ziwa iliyochanganyika na mahindi mabichi yaliyotafunwa hainitoki puani mpaka leo. Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kiboko alikuwa ametoka Ziwa Babati akala nusu ya shamba letu la Nangara. Katekista Tluway, aliyetufundisha kipaimara, akatuleta darasa zima tuje kutazama. Akasimama mbele ya unyayo uliojaa maji, mpana kama sinia, akauliza ni nani kati yetu amemwona mnyama huyo. Hakuna. "Lakini mnajua amepita," akasema. "Basi dunia hii ni nyayo. Mungu hamumwoni, ila amepita." Niliipenda hoja ile mpaka mwili ukanisisimka, nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, kiboko naye ana mama yake. Mungu alizaliwa na nani?"

Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka. Alisema nina kiburi, na jina langu halitafika kwa askofu mpaka niombe radhi mbele ya darasa. Gauni jeupe lilikuwa limeshashonwa, linaning'inia ukutani. Mama alinisihi: "Paskalina mwanangu, omba radhi yaishe." Nikamkumbusha kwamba kuuliza si ujinga, yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Nililia, nikaogopa moto wa milele, lakini sikuomba. Niombe radhi kwa kosa lipi? Siku ya askofu nilisimama nje ya dirisha la kanisa na sare yangu ya shule, nikisikia wenzangu wakiitwa mmoja mmoja. Iliniuma, sidanganyi. Nilipata kipaimara miaka miwili baadaye, baada ya kufundishwa na katekista mwingine, na gauni lilikuwa limeshanibana.

Siku hizi kando ya ziwa kumejaa nyumba, na mimi ndiye ninayefundisha kipaimara, kijijini Sigino. Watoto wangu wa darasa wananiuliza swali lile lile, nami nawaambia kwamba asiye na mwanzo haulizwi alianzaje. Wengine wanaridhika, wengine wananibishia hadi kengele ya sala ya Angelus, na hakuna anayetolewa nje. Mungu namwamini, zile nyayo zilinishika. Katekista Tluway amezeeka sasa. Juzi nilikutana naye sokoni, nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Hujaniomba radhi bado?"

"Bado, mwalimu. Nawe hujanijibu."